Alizeti Mia Moja Ndani ya Shimo la Mihogo

Jumatatu, 14 Aprili 1975

Leo nimefika base, kambi ya jeshi ya Kamina, saa mbili kamili asubuhi. Nimeondoka saa sita na robo. Masaa manne na dakika kumi na tano nimesimama mlangoni! Hakuna aliyenipa kiti. Sijawahi kupewa kiti na mtu yeyote katika maisha haya. Hata kile nilicho nacho nyumbani nilikichonga mwenyewe, na kinayumba.

Lakini habari ni nzuri. Mke wa komanda, ambaye bote tunamwita Mama Komanda, anaozesha mdogo wake siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 19. Meza ishirini kwenye mess, bwalo la maofisa. Anataka maua mezani. Na nyuma ya mess kuna bustani iliyoachwa na Wabelgiji, leo lango lake halikufungwa, majani yamefika kiunoni, na katikati ya majani hayo iko robinet. Robinet ya shaba! Nimeifungua. Maji yametoka papo hapo, safi, bila mtu kuinama. Nimeifunga. Nimeifungua tena. Mara ya tatu askari amenifukuza.

Mama Komanda amesema wazi: mwenye kuleta maua ya kupendeza kuliko mengine, yeye njo atapewa bustani hiyo alime. Na robinet yake. Ameyasema mbele yangu na mbele ya Mama Mbombo.

Huyu Mama Mbombo ni mke wa sajini, mtu wa Kasai. Anapanda zinia mlangoni kwake, ndani ya mikebe ya maziwa ya unga. Mikebe thelathini na moja. Nimeihesabu nikipita. Anaita hiyo kulima.

Mimi nina alizeti. Kwenye base wanasema tournesol, wakikunja midomo. Nilipanda mbegu 160. Ndege walikula 9, mbuzi wa mama mukwe alikula 11. Zimebaki 140, ndefu kunipita. Meza ishirini mara maua matano ni mia moja. Kwa hiyo nimemwahidi Mama Komanda alizeti mia moja, kila moja pana kama sahani.

Mama Mbombo amecheka ndani ya kitambaa chake, kwa sababu kwake alizeti ni chakula cha kuku. Ameniuliza: "Papa Ngoie, ni harusi ya bantu ama ni harusi ya kuku?"

Nimemwambia zinia ni ua la mtu asiye na shamba. Amenyamaza. (Hakunyamaza, lakini niliondoka kabla hajamaliza.)

Miaka kumi na tisa nabeba maji kutoka kijitoni hadi nyumbani. Hatua 212, zote za kupanda. Robinet ile ni yangu. Bado tu haijajua.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepita misheni kumwona Frère Maurice, bruda Mzungu, ambaye alinipa zile mbegu za alizeti kwa ajili ya kulisha kuku. Ana miaka 71. Nimemuuliza jinsi ya kukata alizeti na kuitunza siku tatu. Afadhali nisingemuuliza.

Anasema nikate alfajiri, umande ukiwa bado uko. Anasema nisichague ua lililofunguka kabisa, nichague lile ambalo petali zake zinaanza tu kunyanyuka, eti litamaliza kufunguka lenyewe ndani ya maji. Niondoe majani ya chini yasiguse maji. Ndoo nizioshe kwa sabuni kana kwamba nitazinywea. Maji mapya kila siku, na kila mara nikate tena ncha ya shina kwa mshazari. Niziweke kivulini. Anasema alizeti hunywa maji kama askari anavyokunywa bia siku ya mshahara.

Nimemshukuru. Nimefika nyumbani nimechukua kalamu.

Alizeti 100, nane kwa ndoo: ndoo 13. Ninazo mbili, na moja inavuja. Maji mapya siku tatu: ndoo 39. Nikibeba mbili mbili: safari 20. Kushuka na kupanda ni hatua 424 kila safari. Jumla hatua 8,480. Kwa maua! Mtu mwenye hatua 8,480 miguuni ameshaanza safari ya Bukama, kule mtoni, na huko angalau atakula samaki.

Nachunguza mengine. Alfajiri: umande unalowesha suruali, na suruali ni moja. Ua dogo: Mama Komanda aliahidiwa sahani, nimpelekee kisosi? Majani niyaondoe: ni mali yangu, yanajaza, kwa nini nimpunguzie mtu mzigo ambao Mungu ameujaza?

Salomé, mke wangu, anasema Frère ana haki. Anasema maua ya Frère pale altareni yalikaa siku tisa. Nimemuuliza nani atabeba ndoo 39. Amesema yeye. Nimekataa kabisa. Mke wangu hatabeba ndoo 39 kwa ajili ya mawazo ya Mzungu. (Ndoo sita za kila siku ni jambo lingine. Hizo ni zetu.)

Nimeketi nikiwaza mpaka bukari, ugali wetu wa mihogo, imepoa. Kisha wazo limekuja. Zuri mno! Nimesimama, kiti kimeanguka. Salomé ameuliza kama nimeumwa na siafu.

Sikumwambia. Wazo lililoshirikishwa ni nusu ya wazo.

Jumatano, 16 Aprili

Wazo ni hili. Pale kijitoni kila mwanamke ana shimo lake la kuloweka mihogo. Maji yamesimama, ni ya baridi, yako kivulini siku nzima. Mihogo inakaa humo siku nne na hakuna anayeibadilishia maji. Hakuna anayebeba ndoo. Hakuna sabuni! Sasa kama maji hayo yanatunza muhogo, ambao ni chakula cha bantu, yatashindwaje kutunza ua, ambalo haliliwi?

Najua mtu atasema: lakini Ngoie, muhogo unaingia mgumu, unatoka laini. Ndiyo. Unalainika kwa sababu ni muhogo. Njo kazi yake.

Shimo kubwa kuliko yote ni la mama mukwe, Mama Kyabu, mama yake Salomé. Urefu mita tatu, upana mbili, kina mpaka mapajani. Hapa kuna tatizo. Kwetu mwanaume hamsogelei mama mukwe wake. Hatuongei uso kwa uso, hatuli pamoja, nikimwona njiani naingia majanini. Miaka kumi na tisa sijawahi kusema naye hata "jambo". Hiyo ni heshima. Sasa nitamwombaje shimo? Ningemtuma Salomé, lakini Salomé angeuliza la nini.

Nimekata shauri: asiyeulizwa hawezi kukataa. Jumatano mama mukwe anauza unga sokoni mpaka jioni.

Nimekata saa saba mchana, jua likiwa kali, ili nione vizuri. Nimechagua zile zilizofunguka kabisa, zenye mbegu zimeshajaa, nzito kama mtoto wa miezi sita. Mia moja barabara. Nimezifunga mafungu kumi kwa kamba ya magome. Majani yote nimeyaacha. Safari tano, lakini za kushuka na mzigo, na kushuka si kazi.

Mihogo yake ilikuwa imo humo tangu Jumatatu usiku. Nimeisukuma pembeni kwa adabu. Mashina ndani, vichwa nje, majani ya ndizi juu. Nimesimama nikatazama. Safi! Ndoo nilizobeba: sifuri. Nikamfikiria Mama Mbombo akimwagilia mikebe thelathini na moja, mmoja mmoja, kwa kikombe. Nilicheka peke yangu hadi chura akaruka.

Jioni Salomé ameuliza maua yako wapi. Nimesema yako mahali salama. Ameuliza kama anaweza kuchukua zile arobaini zilizobaki shambani. Hizo hazijafunguka hata vizuri, petali ndiyo kwanza zinanyanyuka. Nimemwambia chukua, mama, ni takataka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nyumba hii sasa ni hospitali. Salomé ameamka kabla ya jogoo, ameingia shambani na umande, amerudi na zile arobaini mabegani kama kuni. Ameondoa majani ya chini yote. Ameosha ndoo mbili, masufuria mawili na beseni lake la harusi kwa sabuni. Nusu kipande! Amekata ncha kwa mshazari, kisu kikali. Amezipanga chumbani kwetu kwa sababu hakuna jua. Nimetaka kuoga: ndoo iko na maua. Nimetaka kulala mchana: kitanda kimezungukwa, maua arobaini yananitazama. Dirisha haliruhusiwi kufunguliwa.

Nimemwambia anapoteza muda kwa takataka. Amesema muda ni wake.

Saa nne Mama Mbombo amekuja! Nyumbani kwangu! Eti anamsalimia Salomé. Kutoka base mpaka hapa ni zaidi ya saa moja kwa miguu. Hakuna anayetembea hivyo kwa salamu. Nimeenda kulima nyuma ya chumba, mahali pasipo na jani hata moja, ili nisikie. Wamenong'ona dakika arobaini na saba. Nimesikia "meza ishirini". Nimesikia "mbili mbili". Kisha kicheko. Alipotoka ameniona nalima udongo mtupu. "Papa Ngoie, unatafuta nini humo, almasi?" Watu wa Kasai hawafikirii kitu kingine.

Kupeleleza kumethibitishwa. Nimemkataza Salomé asimpokee tena. Amesema sawa, kwa sauti ile ambayo maana yake si sawa.

Alasiri nimepita shimoni. Maji yana povu. Mapovu madogo yanapanda, tup, tup. Maji yanapumua! Ni ishara ya afya. Harufu iko kidogo, ya mihogo, lakini ni shimo la mihogo, litanuka marashi?

Vichwa vimeinama kidogo. Vinapumzika.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku mbaya.

Mama mukwe ameshuka asubuhi kutoa mihogo yake. Amepanda tena bila mihogo. Amefika uani kwangu, mguu mmoja umejaa matope, mkononi ana alizeti yangu moja, imening'inia kama kuku aliyechinjwa. Nimekimbilia nyuma ya baisikeli kwa heshima. Yeye amenigeuzia mgongo kwa heshima. Kisha ameanza kuongea na mbuzi.

"Weye mbuzi," akasema, "uliona mutu mwenye akili ya kuloweka maua mu shimo ya mihogo?"

Mbuzi aliendelea kutafuna.

"Juu ya nini? Anataka kupika maua? Anataka kutwanga? Mbuzi, uliza ule mutu kama ku kwabo banakula bukari ya tournesol!"

Siwezi kumjibu. Lakini siwezi pia kutukanwa nyumbani kwangu. Basi nimeiambia baisikeli, kwa sauti ya kutosha: "Baisikeli, kuna watu wana shimo la mita tatu na hawataki kusaidia ndugu hata siku mbili."

"Mbuzi, mihogo yangu sasa iko na nywele!"

"Baisikeli, nywele za alizeti ni dawa."

"Mbuzi, basi ule mutu ataila yeye mwenyewe, yote!"

Salomé alikuwa mlangoni. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, ameshika fremu ya mlango. Ndipo akajua maua yako wapi.

Nimeshuka. Siandiki yote. Mashina yamekuwa laini, yanateleza kama kambare. Ukishika, ngozi inabaki mkononi. Majani meusi. Shingo zote zimevunjika kwa uzito. Nimehesabu: zilizosimama, tatu. Na mojawapo ilikuwa imeegemea nyingine.

Nani amefanya hivi? Mimi niliweka maua mazima. Jana Mama Mbombo alikuwa mtaani kwetu. Ukijumlisha, jibu linakuja lenyewe.

Salomé amesema nichukue zake arobaini, niende nazo kwa Mama Komanda, niombe radhi kwa zile sitini. Amesema hivyo kwa upole, na hilo ndilo limeniudhi. Mia moja ni mia moja! Niende na arobaini nikasikie kwamba Ngoie ni mtu wa nusu, hata si nusu, ni sehemu mbili za tano?

Nina dawa. Fundi wa mifupa anafanyaje mtu akivunjika? Nimepasua mianzi, nimefunga kila shingo kijiti kwa uzi. Vijiti 100. Mashina nimeyasugua kwa sabuni iliyobaki. Sasa yananuka mihogo na sabuni, yaani kama mtu aliyejitahidi.

Jumamosi, 19 Aprili

Harusi.

Nimevaa abacost yangu, lile koti la heshima lisilo na tai. Nimefunga mia moja nyuma ya baisikeli. Mashina yalidondosha ute njia nzima. Nzi walinifuata kutoka mtaa wa kwanza. Nilianza kuwahesabu, nikaacha.

Mlangoni pa base alikuwepo koplo Likoke, kijana wa Équateur. Amevuta pumzi. Ameniambia wanaoleta mihogo wanapita mlango wa jikoni. Nimemwambia ni maua ya bibi harusi. Amezunguka baisikeli mara mbili. "Papa," akasema, "yule bibi harusi alikukosea nini?"

Nimepanga mwenyewe, tano tano, meza ishirini. Vitambaa vyeupe vilikuwa vimepigwa pasi. Nilipofika meza ya saba nyuzi zimeanza kukatika. Kichwa kimoja kimeanguka, pu. Kingine. Kila nikigeuka, pu nyuma yangu. Meza ya kumi na moja kichwa kimeangukia bakuli la saladi, na mbegu zimetawanyika. Madoa ya kijani kwenye kitambaa, marefu, kama konokono wamefanya mkutano.

Mama Komanda ameingia, mkono puani. Ameuliza nani anapika bukari saa hii. Kisha ameona. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Amesema tu kwamba wageni watafika baada ya saa moja na nusu, na mdogo wake anaolewa mara moja, na yeye alimwamini mtu mzima. Sauti yake ilikuwa ndogo. Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, gauni bado halijafungwa mgongoni, machozi yamejaa. Nikasikia joto shingoni, ndani ya abacost. Nilifikiri robinet imekwenda. Nikafikiri pia kidogo juu ya yule msichana. Kidogo tu, lakini nilifikiri.

Hapo mlango umefunguka. Salomé! Beseni la harusi kichwani. Nyuma yake Mama Mbombo na ndoo zangu mbili. Alizeti arobaini, zimefunguka usiku wa jana kama zilivyotabiriwa, njano kabisa, shingo wima kama askari wa gwaride. Na zinia nyekundu, zimekatwa asubuhi kutoka kwenye mikebe yote thelathini na moja. Hawakunitazama. Wametoa vitambaa, wamevigeuza upande safi, wameweka alizeti mbili kila meza na zinia kuzunguka. Meza ishirini mara mbili: arobaini. Hesabu ilikuwa barabara, nakubali. Dakika hamsini kazi imekwisha.

Bibi harusi ameingia tena, amesimama, amefunika mdomo. Safari hii machozi yalikuwa ya aina nyingine.

Mama Komanda ameuliza nani mwenye kazi hii. Nimesogea mbele, nimefunga kifungo, nimesema: "Zimetoka ku shamba yangu, Mama. Minyi njo nilipanda."

Ameniuliza nilibadilisha maji mara ngapi.

Swali la namna gani hilo? Nimesema maji mazuri hayabadilishwi.

Salomé amesema, taratibu: "Kila asubuhi, Mama. Na kisu kila asubuhi."

Ufunguo wa bustani umetoka kwenye kibegi cha Mama Komanda, umepita mbele ya pua yangu, umetua mkononi mwa Salomé. Kisha Mama Komanda amesema bustani ni ya bale banamama babili, nusu kwa nusu. Watu wamepiga makofi. Nami nimepiga, kwa sababu kila mtu alikuwa ananitazama.

Jumapili, 20 Aprili

Nimelala vibaya, nimeamka vizuri. Nimefikiri. Bustani amepewa Salomé. Salomé ni mke wa nani? Basi. Nimeshinda. Nashangaa jana sikuliona hilo mapema.

Baada ya misa nimekwenda kuangalia mali yangu. Wanawake wawili walikuwa wameshafika. Nimeeleza nilivyopanga: mitaro sita, mimi nikisimamia robinet. Mama Mbombo ameniambia hapa kuna sheria tatu. Moja, ndoo za maua zinaguswa na mwenye mikono iliyooshwa. Mbili, robinet inafunguliwa na mwenye ufunguo. Tatu, Papa Ngoie analima majani. Nimemtazama Salomé anitetee. Amenipa jembe.

Nimelima mita ishirini na mbili. Nimeomba maji ya kunywa. Mama Mbombo amenijazia mkebe wa maziwa. Mmoja!

Jioni mama mukwe ametuma bukari nyumbani. Sahani kubwa, ya mtu mmoja. Ina rangi ya majivu na ndani yake kuna vitu vya njano. Mwenyewe amesimama nje ya ua, mgongo kwetu. Nimemsikia: "Mbuzi, ngoja hapo. Tunangoja sahani."

Nimekula yote. Ina uchungu, na nywele zile zinakwaruza koo. Nilipomaliza nimeiambia baisikeli kwamba ilikuwa tamu. Kisha mbuzi ameambiwa kwamba iko ingine.

Jumatano, 23 Aprili

Sista Dorothée wa misheni amemwagiza Salomé alizeti thelathini kwa ajili ya sikukuu ya masista, miezi mitatu kutoka leo, zikipandwa sasa bustanini. Salomé na Mama Mbombo wameshaanza kuhesabu ndoo. Tena ndoo! Maji mapya, kisu, sabuni, kila asubuhi kama watoto wa shule.

Mimi nimekaa siku tatu na kosa langu. Mtu mwenye akili hachukii kosa, analichunguza. Nimelichunguza, nimelikuta. Kosa halikuwa shimo. Halikuwa saa ya kukata, wala majani, wala ukubwa. Kosa lilikuwa maji! Maji njo yanaozesha. Juzi yaliniozeshea mia moja, kesho yatawaozeshea wao thelathini, na robinet yao ya shaba itawaonyesha. Ni nani anayeitaka robinet? Mimi siitaki.

Tazama samaki wa Kinkondja. Anatoka ziwani, kitu chenye maji kuliko vyote duniani, anafika Kamina baada ya majuma mawili juu ya baisikeli, na anakaa miezi mitatu, hajaharibika hata jicho. Kwa nini? Moshi. Sasa kama moshi unatunza samaki, ambaye anaoza kwa siku moja, utashindwaje kutunza ua?

Nimejenga utanda, uchanja wa kukaushia samaki, leo nyuma ya choo. Nguzo nne, fito kumi na nane, kuni mbichi mizigo miwili. Nimechukua alizeti sita zilizorudi kutoka harusini, zile walizosema zimezeeka. Nimezilaza juu, vichwa chini. Moto mdogo, moshi mwingi. Ndoo za maji: sifuri.

Saa kumi Salomé amepita akinusa. Ameuliza nakausha samaki gani. Nimemwambia atamwona.

Sasa ni saa kumi na moja. Nimegeuza upande wa pili. Petali zimekuwa kahawia, rangi ya kiungwana, na ukizigusa zinalia kama karatasi. Sita kati ya sita ziko kavu kabisa. Nimetuma ujumbe kwa Sista Dorothée kwamba thelathini ni chache, naweza kumpa mia mbili.